Tano ya Meru si tano ya Embu: Kompyuta na hesabu zetu za saa

Kutoka Embu mjini hadi Meru mjini ni safari ya saa chache tu kwa matatu. Unapita Runyenjes, unapita Chuka, unaiacha njia panda ya Chogoria, unafika Nkubu, na kabla hujaingia Meru unavuka mstari wa ikweta. Safari fupi, lakini ndani yake siku ya tano huhama. Mwembu akikwambia mkutane Njumatano, anamaanisha Jumatano. Mmeru akikwambia mkutane Wetano, anamaanisha Ijumaa. Neno "tano" limo wazi katika majina yote mawili, wala hakuna anayemdanganya mwenzake.

Si tano pekee. Kiembu kilichukua majina ya Kiswahili na kuyatia lafudhi yake: Njumatatu, Njumaine, Njumatano, Aramithi, Njumaa. Kimeru kilijihesabia chenyewe. Baada ya Muramuko, ambayo ni Jumatatu, zinafuata Wairi, Wethatu, Wena na Wetano. Yaani ya pili, ya tatu, ya nne na ya tano. Kwa hivyo "tatu" ya Embu ni Jumatatu ilhali "tatu" ya Meru ni Jumatano. Tofauti ni siku mbili, daima.

Sababu iko katika mahali pa kuanzia. Kiswahili huanza kuhesabu siku inayofuata Ijumaa, siku ya swala kuu ya Waislamu. Ndipo tukapata Jumamosi ya mosi, Jumapili ya pili, hadi Jumatano. Kisha, badala ya kuendelea na sita, Kiswahili kikaazima Alhamisi kutoka Kiarabu, neno ambalo nalo limebeba tano ndani yake, kwa kuwa Waarabu huhesabu kuanzia Jumapili. Basi sisi Waswahili tuna tano mbili zinazofuatana na hatujawahi kulalamika. Kimeru kwa upande wake kinahesabu kuanzia siku inayofuata Jumapili ya Wakristo. Ila kilipofika mwisho wa juma nacho kikaazima: baada ya Wetano inakuja Jumamosi. Mtoto wa shule akikuuliza kwa nini baada ya tano inafuata mosi, usimkemee. Ameuliza swali la maana.

Majina haya jinsi nilivyoyaandika yamo katika hazina ya data za lugha iitwayo CLDR, inayotunzwa na Muungano wa Unicode, na ambayo simu na kompyuta nyingi duniani huitegemea zinapotaka kuandika tarehe, saa, sarafu na mengineyo katika lugha fulani. Kiswahili kimo. Kimeru kimo, kwa msimbo "mer". Kiembu kimo, kwa msimbo "ebu". Wengi wetu hatujui kwamba lugha hizi mbili za mlima Kenya zimekuwa humo kwa zaidi ya miaka 10 sasa.

Mimi nilianza kuyachunguza haya kwa sababu ya kijana mmoja niliyemfundisha Kiswahili zamani katika shule moja ya Meru. Siku hizi anaandika programu za kompyuta kwa Python, mojawapo ya zile lugha za skripti ambazo wanafunzi huanza nazo. Chama kimoja cha wenye matatu kilikuwa kimempa kazi: kila abiria anayekata tiketi apate arafa ya kumkumbusha siku na saa ya kuondoka, katika lugha aliyoichagua. Akanipigia simu. "Shikamoo mwalimu. Hesabu nimeiweza, lakini Kiswahili kinanisumbua."

"Marahaba. Nieleze hiyo hesabu kwanza," nikamwambia, kwa maana nilishuku kwamba hayo mawili hayatengani kirahisi.

Hesabu yenyewe, msomaji, ni hivi. Kompyuta haijui saa mbili asubuhi ni nini. Haijui Jumatano wala Wetano. Inachohifadhi ni nambari moja tu: sekunde zilizopita tangu mwanzo wa tarehe 1 Januari 1970 kwa saa za ulimwengu, zile zinazolingana na saa za Greenwich kule Uingereza. Sisi wa Afrika Mashariki tuko mbele ya Greenwich kwa saa 3, kwa hivyo sekunde hiyo ya kwanza ilitukuta saa tisa usiku, Kenya nzima imelala.

Nambari hiyo moja hurahisisha mambo ajabu. Chukua pikapu ya miraa, bidhaa isiyosubiri mtu, maana baada ya siku mbili hivi haina wa kuililia. Imeondoka Maua saa kumi na mbili na nusu jioni, ikaingia Nairobi saa sita na robo usiku. Imechukua muda gani? Ukitazama saa ya ukutani unajikuta unatoa 18:30 kutoka 0:15, na unapata hasi. Kompyuta haina shida hiyo. Inatoa nambari ya kuondoka kutoka nambari ya kufika, inapata sekunde 20,700, inagawanya kwa 3,600, na jibu ni saa 5 na dakika 45. Haikujali kwamba siku ilibadilika njiani. Hata kama mwezi au mwaka ungebadilika njiani, haingejali.

Kwa hivyo mtunzi wa programu mwenye busara hupiga hesabu zake zote kwa sekunde, na shughuli ya kuandika saa kwa lugha ya watu huiacha hadi hatua ya mwisho kabisa. Anayechanganya hatua hizi mbili hujitafutia maumivu ya kichwa.

Na kijana wangu alikuwa ameyapata. Kabla hatujafika kwenye Kiswahili alinisimulia kisa cha dakika 33. Alipoijaribu programu yake mara ya kwanza, arafa zilikuwa zikichelewa kwa dakika 33 kamili. Zingechelewa kwa saa nzima au kwa saa 3, angejua moja kwa moja kwamba amekosea eneo la saa. Lakini 33? Zinatoka wapi?

Zilitoka kwa jua. Kompyuta hutumia jalada la kumbukumbu za saa za kila eneo duniani, na eneo letu huitwa "Africa/Nairobi". Jalada hilo haliishii kusema kwamba tuko mbele kwa saa 3. Limeweka historia nzima. Linaanza na saa ya jua la Nairobi lenyewe, mbele ya Greenwich kwa saa 2, dakika 27 na sekunde 16, iliyotumika hadi Mei 1908. Kisha saa 2 na dakika 30. Katikati ya 1928 ikawa saa 3. Mwanzoni mwa 1930 ikarudishwa saa 2 na dakika 30. Kuanzia 1937 ikawa saa 2 na dakika 45, na tangu Agosti 1942 tumekaa kwenye saa 3. Sasa, kuna maktaba moja ya zamani ya Python iitwayo pytz ambayo ukiibandika kwenye tarehe bila kufuata utaratibu wake, huchukua mstari wa kwanza wa historia hiyo, yaani saa 2 na dakika 27. Toa hizo kutoka saa 3. Zinabaki dakika 33. Jua la Nairobi la kabla ya 1908 lilikuwa likimchelewesha abiria wa leo wa Runyenjes! Dawa yake ipo: ama uipitie pytz kwa njia yake yenyewe ya localize(), ama utumie zoneinfo, iliyoingizwa katika Python 3.9 mwaka 2020.

Naomba nikae hapa kidogo, kwa kuwa kuna jambo linalonifurahisha. Kile kipimo cha saa 2 na dakika 30 ni saa halisi ya jua kwenye longitudo ya nyuzi 37 na nusu mashariki. Longitudo hiyo inapita karibu kabisa na mji wa Embu. Yaani kulikuwa na miaka ambapo koloni nzima, kuanzia Mombasa hadi Kisumu, ilifuata jua la Embu bila Waembu wenyewe kuambiwa. Leo tunafuata jua la mbali zaidi mashariki, na ndiyo maana ukisimama Embu au Meru saa sita kamili mchana kivuli chako bado hakijajikunja miguuni. Jua hufika katikati yapata saa sita na nusu. Wazee wanaosema "saa za siku hizi zimetangulia jua" hawaropokwi.

Haya, sasa lugha.

Kila mmoja wetu anajua kwamba saa ya Kiswahili huanza kuhesabiwa jua linapochomoza na linapozama. Saa moja asubuhi ni saa ya kwanza ya mwanga kukamilika. Wakenya wa bara walilipokea jambo hili bila kusita. Mmeru na Mwembu wanapotaja saa kwa lugha zao huhesabu hivyo hivyo. Inafaa hasa kwetu tunaoishi kwenye ikweta, ambako mchana na usiku hukaribia kulingana mwaka mzima. Msomaji wa Biblia ya Kiswahili naye hufaidika: wale vibarua wa shamba la mizabibu walioajiriwa saa kumi na moja, anajua mara moja kwamba jua lilikuwa linakaribia kutua. Mwingereza hana budi kuelezwa.

Kompyuta haikuelezwa. Katika mfumo wa CLDR kuna herufi 4 za kuiambia kompyuta jinsi ya kuandika saa. H kubwa huhesabu 0 hadi 23. h ndogo huhesabu 1 hadi 12. K kubwa huhesabu 0 hadi 11. k ndogo huhesabu 1 hadi 24. Herufi 4, na zote huanza saa sita usiku au saa sita mchana. Hakuna herufi yenye maana ya "hesabu tangu jua lilipochomoza". Kuna herufi ya tano, B, ambayo huandika kipindi cha siku, na hapo Kiswahili kimeshughulikiwa: kuanzia saa kumi usiku ni alfajiri, kuanzia saa moja ni asubuhi, kuanzia saa sita ni mchana, kuanzia saa kumi ni jioni, na kuanzia saa moja ni usiku. Adhuhuri na alasiri zimemezwa na mchana, jambo ambalo Mswahili wa Lamu hatalipenda, lakini tuliache hilo kwa leo.

Tatizo ni kwamba maneno yamekuwa ya Kiswahili na saa imebaki ya Kizungu. Mwambie aandike saa moja usiku kwa muundo wa "h:mm B", naye ataandika "7:00 usiku". Mwambie aandike saa saba usiku, ataandika "1:00 usiku". Soma tena. Saa zote mbili zipo kweli, na kila moja imeandikwa kwa sura ya mwenzake. Mchana hatari ni ndogo, kwa kuwa "2:00 mchana" ukiisoma saa mbili unashtuka kwamba hakuna saa mbili mchana. Usiku hakuna cha kukushtua. Kosa ni la saa 6 na halionekani.

Shangazi yangu wa Runyenjes aliwahi kupokea arafa ya aina hiyo kutoka kwa kampuni moja ya mabasi, alipokuwa akienda Mombasa kwa matanga. "Basi litaondoka Embu 7:00 usiku." Akafika stendi saa saba kasorobo usiku, mwanawe amembebea mzigo. Basi lilikuwa limeondoka saa moja. Aliyekuwa zamu akamwambia, "Mama, kwani hukuona imeandikwa saba?" Shangazi akamjibu, "Nimeiona. Na hii ni saba." Nauli haikurudishwa, na maziko hakuyawahi.

Kuna watakaosema shangazi angejua. Wakenya wengi waliosoma, wakiona tarakimu 7:00, hutamka "saa moja" bila kufikiri. Tumezoea kwamba tarakimu ni za Kiingereza na maneno ni ya Kiswahili. Hata watoto hufundishwa kutazama ncha ya pili ya akrabu: mshale ukielekea 8, upande wa pili ni 2. Ni kweli. Lakini mazoea hayo hufanya kazi pale tarakimu inapokuwa peke yake. Ukishaiwekea neno "usiku" kando, umeandika sentensi ya Kiswahili, na msomaji ana haki ya kuisoma kwa Kiswahili.

Dawa ya saa yenyewe ni hesabu ya darasa la nne. Chukua saa ya kompyuta, 0 hadi 23, ondoa 6, gawanya kwa 12, chukua baki. Baki likiwa sifuri, andika 12. Kwa Python ni mstari mmoja:

(saa - 6) % 12 or 12

Saa 8 inakuwa 2. Saa 19 inakuwa 1. Saa 6 na saa 18 zinakuwa 12. Saa 1 inakuwa 7, kwa sababu Python ikigawanya hasi tano kwa 12 hutoa baki la 7. Hapa wale wanaotumia JavaScript au PHP wajihadhari: lugha hizo zikipewa hasi tano hurudisha hasi tano, na abiria ataambiwa gari linaondoka saa hasi tano usiku. Waongeze 6 badala ya kuondoa 6. Kwenye duara la 12 ni mamoja, na hakuna hasi inayotokea.

Njia ya mkato ambayo nimeona ikipendekezwa, ya kuirudisha saa nzima ya kompyuta nyuma kwa saa 6 halafu kuandika kama kawaida, siipendi hata kidogo. Inatoa saa sahihi na kuharibu tarehe. Saa nane usiku wa tarehe 5 itaandikwa tarehe 4.

Au pengine haitakuwa imeharibu? Kijana wangu ndiye aliyeniuliza hivyo, na swali lake ni zito kuliko alivyodhani. Gari linaloondoka saa saba usiku, kwa kompyuta ni Jumamosi tayari. Mtu wa Embu ambaye hajalala bado husema "Ijumaa usiku". Pwani kwa wazee, siku huanza jua linapozama, kwa hivyo "usiku wa Ijumaa" ni ule unaotangulia Ijumaa yenyewe, ule ambao sisi wa bara tungeuita Alhamisi usiku. Maneno matatu, "Ijumaa", "usiku" na "saba", na watu watatu wanaweza kuelewa siku mbili tofauti. Magazeti yalilitatua zamani kwa "usiku wa kuamkia". Nilimshauri autie msemo huo ndani ya programu: saa ikiwa kati ya 0 na 4, iandikwe "usiku wa kuamkia Jumamosi". Inaongeza herufi kwenye arafa, naam, na haiachi shaka.

Dakika zilitusumbua kidogo tu. Robo na nusu ni rahisi. Kasorobo ndiyo inayohitaji uangalifu, maana lazima saa ipande mbele kwanza: 8:45 si saa mbili na kitu, ni saa tatu kasorobo. Kwa arafa niliona afadhali aandike dakika kwa tarakimu na kasorobo abaki nayo mdomoni.

Palipotugawanya hasa ni kwenye "masaa".

Programu ilikuwa na arafa mbili. Ya kwanza: "Gari litaondoka saa mbili." Ya pili, kwa wanaochelewa: "Gari litaondoka baada ya saa mbili." Hiyo ya pili ina maana gani? Ni baada ya saa 2 kupita, au ni wakati wowote kuanzia saa mbili asubuhi? Kwa Kiswahili sanifu huwezi kujua. Neno "saa" liko katika ngeli ya I-ZI, umoja wake saa na wingi wake saa. Chombo cha mkononi ni saa, muda wa dakika 60 ni saa, na nukta ya siku ni saa. Kijana alikuwa ameandika "baada ya masaa mawili", na alingoja nimsahihishe kama nilivyokuwa nikifanya darasani.

Sikumsahihisha. Tazama Python yenyewe inavyofanya. Ina aina mbili tofauti kabisa za data: datetime, ambayo ni nukta katika wakati, na timedelta, ambayo ni muda. Unaweza kutoa nukta kutoka nukta ukapata muda. Unaweza kuongeza muda kwenye nukta. Lakini ukijaribu kujumlisha nukta na nukta, yaani Jumanne saa mbili kujumlisha Jumatano saa tatu, inakataa kata kata, kwa kuwa jambo hilo halina maana. Waundaji wake waliona kwamba kuyachanganya haya mawili ni chanzo cha makosa yasiyoisha. Mama anayeuza ndizi Kangaru, ambaye hajawahi kuona kompyuta ikifunguliwa, aliona hivyo hivyo. Akisema "saa mbili" ni asubuhi. Akisema "masaa mawili" ni muda. Hiyo "ma-" tunayoikata kwa wino mwekundu kila muhula inafanya kazi ambayo sarufi yetu ya vitabu haina chombo cha kuifanyia.

Najua nitaandikiwa barua. Wenzangu watasema "kwa muda wa saa mbili" inatosha, na katika kitabu inatosha. Mimi nasema pale arafa inapohesabiwa herufi, na pale anayekosea kusoma anakosa gari, "masaa" yana hoja kuliko wanavyokubali wasahihishaji. Hatimaye tuliandika "saa 2 kutoka sasa", ambayo haimkeri mtu, lakini si kwa sababu "masaa mawili" ilishindwa.

Zikabaki siku, na hapo nilikuwa na zawadi kwa kijana. Katika Python kuna amri isoweekday() inayoipa Jumatatu nambari 1 hadi Jumapili nambari 7, kwa kufuata kanuni ya kimataifa ya ISO 8601. Linganisha na Kimeru: Wairi ni 2, Wethatu ni 3, Wena ni 4, Wetano ni 5. Zinalingana moja kwa moja. Kimeru kilikuwa kikifuata kanuni ya kimataifa kabla ya kijana wangu kuzaliwa. Kiswahili na Kiembu wanaongeza 2: Jumatano ni 3 kwa kompyuta, ni tano kwetu. Nilimwonya asitunge majina kwa nambari, ayachukue yote kutoka kwenye hazina, kila lugha kwa orodha yake, na jina la siku lifuatwe na tarehe. Abiria wa Meru anayesafiri na abiria wa Embu katika gari moja hawatabishana juu ya "tano" ikiwa kila mmoja ameona tarehe 12.

Kwa Kiswahili arafa zake sasa husoma hivi: "Ijumaa tarehe 12, saa moja usiku (19:00)." Maneno ni ya shangazi na tarakimu ni za karani.

Kwa Kimeru na Kiembu kazi haijaisha. Hazina ile, ambayo kwa Kiswahili ina vipindi 5 vya siku, kwa lugha hizi ina viwili tu, kila kimoja kwa herufi mbili. Kimeru kina RŨ na ŨG, ambazo nazisoma kuwa rũkĩĩrĩ na ũgoro, asubuhi na jioni. Kiembu kina KI na UT, ambazo nazisoma kuwa kĩroko na ũtukũ, asubuhi na usiku. Aliyezijaza alipewa visanduku viwili vya Kiingereza, kimoja cha kabla ya adhuhuri na kimoja cha baada yake, akavijaza alivyoweza. Matokeo yake ni kwamba saa saba mchana, jua likiwa utosini Runyenjes, simu iliyowekwa Kiembu huandika UT. Muungano wa Unicode hupokea mapendekezo kutoka kwa wasemaji wa lugha, na kijana ameanza kuandaa ya Kiembu. Ameomba wazee watatu wa Embu wamtajie vipindi vya siku kuanzia jogoo wa kwanza. Mpaka jana alikuwa amepata majina tisa, na wazee walikuwa bado wanabishana kuhusu la kumi.